Nungwi, Nikitafuta wa Kunizamisha

Boti ya kutoka Dar, daladala ya Nungwi, chumba chenye feni ya kubahatisha: hayo nayaruka, aliyefika anayajua. Mimi nilifuata mbizi. Kadi yangu ya Open Water, cheti cha ngazi ya kwanza cha uzamiaji, ilikuwa mpya kabisa, na kadi hiyo inakuruhusu kina cha mita 18, basi.

Papasi, dalali wa watalii, aliyenidaka ufukweni alitaja bei hata salamu hazijaisha. Dola 140, mbizi mbili na chakula cha mchana. Nikamwambia mimi Mtanzania mwenzake.

"Basi dada'angu, toa 120, nikupeleke Leven Bank, samaki wa maana wako kule."

Leven Bank iko kwenye mlango wa bahari kati ya Unguja na Pemba. Kina chake kirefu, mkondo wake hauna huruma, na hupelekwa watu waliokwishazoea. Kadi hakuiulizia. Wala hakuuliza kama nimewahi kuzama mahali popote.

Nikaomba kuona mitungi ya hewa. Nyuma ya duka kompresa ya kuijazia ilikuwa inanguruma, na bomba lake la kuvutia hewa limeelekezwa kwa jenereta. Nikamwomba afungue mtungi mmoja kidogo, ninuse. Hewa ya mtungi haitakiwi kunuka chochote. Ile ilinuka kama nyuma ya daladala mlimani. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu yake yenyewe, na mita 10 tu chini ya maji shinikizo limeshakuwa maradufu ya lile la juu, na sumu nayo inazidi makali.

"Joto tu hilo, dada."

Nikamwachia joto lake.

Duka la pili, mwalimu wa makamo hakutaja bei kabisa. Kadi iko wapi? Kitabu cha mbizi je? Mara ya mwisho umezama lini? Una mafua? Pumu? Unarudi kwa ndege? Kwa ndege, alisema, ningepaswa kukaa nchi kavu saa 18 baada ya mbizi ya mwisho. Jua lilikuwa linanichoma kichwani na uvumilivu umeniishia, nikaanza kumhoji yeye. Oksijeni ya dharura? Akafunua sanduku, akanionyesha geji yake. Nani anabaki botini?

"Nahodha. Huyu hashuki, hata simu yake ikitumbukia."

Kisha akafunga kipumulio kwenye mtungi, akanipa. "Vuta pumzi, macho kwenye geji." Kila nikivuta, mshale unaporomoka, nikiacha, unapanda. Nikapeleka mkono kwenye vali: ilikuwa imefunguliwa robo tu. Nikaimalizia. Mwalimu akacheka.

"Nimeiacha hivyo makusudi, mwanangu. Ungeikosa, leo ungezamia bwawani."

Dola 150, na ada ya hifadhi juu yake! Iliniuma. Tena kisiwa cha Mnemba siku hiyo alinikatalia, kwa sababu ilikuwa bamvua na maji yanakwenda mbio. Akanipeleka kwanza kwenye mwamba wa kina kifupi uliokingwa, nikajaza maji kwenye miwani na kuyatoa mpaka akaridhika. Mnemba tulikwenda maji yalipopoa. Nilimwona kasa anakula, hana habari na sisi.

Botini wote walikuwa wageni isipokuwa mimi, na nahodha aliniuliza kama mimi ndiye mkalimani wao. Yeye ni wa Nungwi hapohapo, amekua akizamia pweza kwa pumzi zake mwenyewe, na mtungi hajawahi kuuvaa. Kozi anaitamani. Bei yake, aliniambia, ni ya kujengea kibanda. Nikawafikiria wenzangu wa Dar, tunaokula samaki Feri na kupiga picha Coco, na wengi wetu maji yakifika kifuani tunarudi.

Nilimuuliza mwalimu kama kuna bei ya mwenyeji. Akasema nimletee wanne wenye kadi, tutakaa na hesabu. Wawili wamekubali. Wa tatu anauliza kwanza hicho chakula cha mchana ni nini.