Beki namba 27, na kijana wangu aliyeachwa leo

Leo nimetoka uwanjani na kijana saa tatu asubuhi na njia nzima hakuna aliyesema neno. Hita inavuma, mvua ya Aprili ya hapa Chicago, ile ya baridi inayoingia mpaka kwa mifupa, inapiga kioo, begi lake la vifaa liko nyuma linanuka jasho la msimu mzima, na yeye ameegemea mlango anaangalia nje. Orodha ya timu ilikua imebandikwa kwa mlango wa chumba cha kubadilishia, karatasi moja tu na selotepu. Ameisoma mara mbili, ya pili akipitisha kidole. Jina lake liko timu ya pili. Ana miaka 14, ni beki wa hoki ya barafu, na kwa umri huo ukiambiwa uko timu ya pili unasikia kama umeambiwa basi, mambo yameisha.

Tulipofika nikapika chai, akachukua kikombe akaenda nacho chumbani. Mama yake akaniangalia, nikamwambia muache kwanza. Alafu nikakaa hapa mezani na nikajikuta nawaza habari za Johnny Oduya, yule beki namba 27, kama kila nikikwama na hii hoki. Wacha niandike tu maana kichwa kimejaa.

Mimi nimezaliwa Mombasa. Barafu ya kuchezea niliiona mara moja tu kabla sijaja huku, pale Panari Hotel, Mombasa Road, Nairobi, kwenye ule uwanja mdogo uliofunguliwa 2005. Nililipa, nikavaa vile viatu, nikashikilia ukuta mpaka muda wangu ukaisha. Hoki ya barafu sikua nayo habari kabisa. Tumehamia Chicago 2011, mwaka huo huo kijana akazaliwa, na nikapata kazi kwa nyumba ya wazee, shifti ya saa tisa mchana mpaka saa tano usiku.

Kulikua na mzee mmoja nilikua namhudumia, mwili umemchosha lakini akili iko sawa kabisa, na jioni za mechi za Blackhawks, timu ya hoki ya Chicago, ungemsikia anaita kutoka korido. Siku moja kwa tivii nikaona mgongo wa mchezaji, namba 27, na juu yake imeandikwa ODUYA. Nikasimama na mashuka mkononi. Oduya! Jina la kwetu kabisa, ukienda upande wa magharibi, Busia huko, utalisikia sana, sasa linafanya nini juu ya barafu Chicago? Yule mzee akanieleza: ni Mswidi, amezaliwa Stockholm 1981, lakini baba yake ni Mkenya. Tangu usiku ule nikawa na mtu wangu.

Mzee akanipa somo moja ambalo naliishi mpaka leo. Akaniambia usifuate kile kisahani cheusi cha mpira, macho yako hayatakiweza, chagua mchezaji mmoja umwangalie yeye tu mpaka atoke. Basi nikawa namwangalia 27. Na ukimwangalia beki peke yake unaanza kuona kazi ambayo tivii yenyewe haikuonyeshi, maana kamera inafuata kisahani. Unaona jinsi anavyoteleza kinyumenyume kwa kasi ile ile ya mtu anayemjia kwa mbele, macho yako kifuani kwa yule mtu, hayako kwa mikono wala kwa fimbo, kwa sababu mikono inadanganya ila kifua kinaenda pale mtu anapoenda. Unaona fimbo yake imelazwa chini kwa barafu inaziba njia ya pasi. Unaona umbali, na hapa ndio utamu wenyewe ulipo, akimkaribia sana anapitwa, akimwachia sana jamaa anapata nafasi ya kupiga, kwa hivyo nusu mita hiyo anaipima upya kila sekunde huku anarudi nyuma bila kuona anakoenda. Sekunde 40 au 45 za namna hiyo, alafu anaruka ukuta kukaa kwenye benchi, mapafu yanawaka, mwingine anaingia. Na wao pia wanaita shifti, kama sisi. Beki mzuri anafanya shifti 25 mpaka 30 kwa mechi moja, jumla kama dakika 20 hivi, na akifanya zote vizuri hakuna kitu kilichotokea. Hakuna goli, hakuna picha ya kurudiwa. Kipa akipigiwa makofi ujue kuna mabeki wawili mbele yake waliompunguzia kazi.

Pacha wake wa ulinzi Chicago alikua Niklas Hjalmarsson, Mswidi mwenzake. Wote wawili wanashika fimbo ya kushoto, kwa hivyo mmoja ilibidi acheze upande usio wake, akawa Hjalmarsson. Huyo naye ni wa kulala mbele ya mashuti, yani kisahani kigumu kama jiwe kinakuja kwa kasi ya kupita kilomita 140 kwa saa na mtu anajilaza kwa hiari yake. Wale wawili ndio walikua wanatumwa kwa washambuliaji hatari wa upande mwingine, usiku kwa usiku.

Lakini leo ninachowaza zaidi ni njia aliyopitia Oduya kabla ya hapo, kwa sababu ya ile karatasi ya mlangoni.

2000 akaenda Canada kucheza ligi ya vijana ya Quebec, Moncton alafu Victoriaville, msimu mmoja. 2001 timu za NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika na Canada, zikachagua vijana kama zinavyofanya kila mwaka, na Washington Capitals wakamchukua raundi ya 7, mtu wa 221. Fikiria umekaa majina 220 yanasomwa kabla ya lako. Na Washington hakuwahi kuwachezea hata mechi moja. Akarudi kwao Sweden, akaenda Hammarby, daraja la pili, ligi ambayo Amerika hakuna mtu anaamka usiku kuiangalia. Alafu Djurgården, alafu Frölunda. Ngazi kwa ngazi, miaka mitano. 2006 ndio New Jersey Devils wakamsajili, na mechi yake ya kwanza ya NHL amecheza akiwa na miaka 25. Miaka 25! Mwenzake wa umri huo aliyechaguliwa mapema alikua ashamaliza mkataba wa kwanza na anajadili wa pili.

Na watu wa hoki watakwambia beki huchelewa kuiva, kwa sababu kazi yake ni kusoma, na kusoma mchezo hakuna njia ya mkato. Straika mwenye kasi anaweza kung'ara akiwa na miaka 18. Beki anahitaji kukosea mara nyingi mbele ya watu, na kila kosa la beki linaishia wavuni. Mi naamini hivyo kabisa na nimeona kwa kijana wangu, mwaka jana makosa aliyokua anafanya mwaka huu hafanyi, anafanya mengine mapya, na hio kwangu ni kukua.

2010 Devils wakamtaka Ilya Kovalchuk, fundi wa magoli, Oduya akawa sehemu ya malipo, akapelekwa Atlanta. Mwaka uliofuata timu yenyewe ikahamishwa mzima mzima kwenda Winnipeg. 2011 hio hio akampoteza kaka yake Fredrik kwa ajali ya pikipiki. Fredrik naye alikua beki, alichaguliwa na San Jose 1993, akapambana kwa ligi za chini za Amerika na NHL hakuigusa. Hapa huwa nasimama kidogo. Ndugu wawili, kazi moja, jina moja mgongoni, mmoja akafika na mwingine hakufika. Mwezi wa pili 2012 Winnipeg wakamtoa Oduya kwenda Chicago kwa nafasi mbili tu za kuchagua vijana, moja raundi ya pili na moja raundi ya tatu. Alafu kabla msimu uliofuata hata haujaanza wenye timu wakafunga milango kwa sababu ya ugomvi wa mikataba, na yeye akaenda akacheza mashindano Bangkok. Msimu ukaanza Januari 2013, mechi 48 tu.

Sasa usiku wa tarehe 24 Juni 2013. Mechi ya 6 ya fainali ya NHL, anayefikisha ushindi 4 ndio bingwa, tuko Boston, Chicago inaongoza mechi 3 kwa 2 lakini usiku ule iko nyuma 2-1 na imebaki dakika moja na kidogo. Nimesimama kando ya kitanda na kikombe cha karatasi chenye vidonge na glasi ya maji, mzee hataki kumeza, ananiambia subiri, subiri. Chicago wamemtoa kipa waongeze mshambuliaji. Bickell anasawazisha. Mzee anapiga kitanda kwa kiganja. Mimi nageuka kuweka glasi juu ya meza isimwagike, nasikia kelele nyingine kwa tivii, nageuza kichwa, 3-2. Sekunde 17 zimepita kati ya goli na goli. Mfungaji Dave Bolland, imebaki sekunde 58, na ndio goli la kombe.

Walipoirudia ndio nikaona. Kile kisahani kilianzia kwa beki. Oduya alikua nyuma upande wa kushoto, akapiga, kikamgusa mwenzake Frolik njiani, kikagonga mwamba, Bolland akakisukuma ndani. Mzee akaninyooshea kidole: "Mtu wako huyo." Alafu akameza vidonge vyake vyote kwa mara moja.

Nimeiangalia ile klipu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Chicago nzima inamkumbuka Bolland na ni haki yake. Mimi namkumbuka aliyepiga kutoka nyuma.

Februari 2014 akapata medali ya fedha na Sweden kule Sochi, Canada wakawafunga 3-0 fainali. Na 2015, hapo ndio nilimheshimu hasa. Timu inavalisha mabeki 6, lakini Rozsival akavunjika kifundo cha mguu kwenye mechi za Minnesota na kocha akabaki anawaamini wanne: Keith, Seabrook, Hjalmarsson, Oduya. Kazi ya watu 6 ikafanywa na 4, mwezi mzima. Kuna usiku Anaheim mechi ilienda ovataimu 3, mimi nilikua nimeshamaliza shifti yangu, nimefika nyumbani, nimeoga, nimekula, na wao bado wako barafuni. Najua ile hali ya kuambiwa wenzako wawili hawaji leo na korido yote ni yako, miguu inaomba ruhusa lakini kengele ya chumba cha 12 inalia unaenda. Tarehe 15 Juni wakachukua kombe nyumbani, kitu ambacho Chicago haikua imeona tangu 1938. Yule mzee hakuiona hio, alishatutangulia. Niliangalia peke yangu, kijana ana miaka mine amelala kifuani kwangu.

Baada ya hapo pesa za timu hazikutosha wote, Oduya akaenda Dallas, 2017 akarudishwa Chicago wakatolewa na Nashville mechi 4 bila, alafu Ottawa, akamalizia Philadelphia 2018. Zaidi ya mechi 800 kwa mtu wa 221.

Hapo nyuma kidogo nimekaa kimya, nikaenda kugonga mlango wa kijana. Nikamhadithia yote, safari hii polepole, Hammarby, daraja la pili, miaka mitano. Sikumpa mawaidha, mtoto wa miaka 14 ana masikio ya kunusa mawaidha kutoka mbali. Akasikiliza akichezea utepe wa fimbo. Mwisho akaniuliza kitu kimoja tu: "Baba, alivyorudi Sweden, hakuona aibu?"

Nikamwambia sijui baba, nadhani aliona. Nikamwambia mimi nilipoanza kazi ya wazee, nimetoka Mombasa nimevaa tai benki, siku ya kwanza kubadilisha mtu nepi nilijifungia choo cha wafanyakazi nikalia. Hilo sikua nimewahi kumwambia, na mama yake alikua mlangoni amesikia, naye pia lilikua geni kwake. Akaja akakaa kitandani.

Sai ni saa tatu usiku. Nimeshuka gereji kuzima taa nikamkuta amekaa juu ya ndoo, amebandua utepe wote wa zamani na anafunga mpya, taratibu, anaanzia kisiginoni mwa fimbo kwenda kwa ncha, kila mzunguko anaukaza kwa kidole gumba. Kesho wana barafu ya asubuhi, timu ya pili. Nikamuuliza nikuamshe saa kumi na moja kama kawaida?

Akasema, "Niamshe kumi na nusu. Nataka kufanya kinyumenyume kabla wengine hawajaingia."