Kusawazisha fezi tatu Sakina: wiki ya tatu

Kwa waliokosa mwanzo: shangazi ana nyumba 12 za kupanga ndani ya uzio mmoja hapa Arusha. LUKU ni moja, ya fezi tatu (yaani nyaya tatu tofauti zinazoleta umeme), na kila mpangaji ana mita yake ndogo. Fundi wa zamani aligawa nyumba nne nne kwa kila fezi. Kwa kuhesabu milango, kapatia. Ila tangu baridi ya Julai ianze, breka ya fezi nyekundu inajizima alfajiri huku mbili nyingine hazina habari.

Programu yangu ya kwanza ya kugawa nyumba upya kwenye fezi ilitumia uniti za mwezi: anza na mlaji mkubwa, mpeleke kwenye fezi yenye mzigo mdogo, kisha anayefuata, hadi mwisho. Ikajibu kwamba mgao uliopo unatosha! Fundi aliyekuja kuangalia breka akacheka: "Kijana, watu hawaogi kwa wastani."

Kweli kabisa. Hita ya kuogea ya wati 5,000 inavuta karibu ampia 22, lakini kwa dakika chache tu. Ukiangalia uniti, inafichwa na friji linalonguruma mchana kutwa. Basi fundi akapima kila fezi kwa klampu mita (kifaa kinachobana waya na kusoma ampia) saa 12 na nusu asubuhi: ampia 41, 18 na 22. Kwa hesabu hiyo nyutro, waya wa kurudishia umeme, inabeba kama 21, wakati fezi zikilingana ingebaki karibu na sifuri. (Mota za friji huvuruga hesabu kidogo, nimezipuuza.)

Toleo la pili likasawazisha asubuhi vizuri mno: 29, 26, 26. Nilifurahi hadi nilipoingiza vipimo vya saa 2 usiku. Fezi zilizokuwa 15, 17 na 16 zingekuwa 9, 24 na 15. Nimetibu jicho nikapofua la pili.

Sasa programu inajaribu migao yote, 3 kwa kipeo cha 12, yaani 531,441, ikipima asubuhi na usiku pamoja. Kompyuta yangu kuukuu inamaliza kabla chai haijapoa. Nyumba zingefika 20 ingekuwa zaidi ya bilioni 3, hapo ningerudi kwenye njia ya mkato.

Nimeongeza pia adhabu ya alama kwenye programu kwa kila nyumba inayohamishwa, maana shangazi ndiye anayemlipa fundi. Jibu: namba 3 na namba 9 zibadilishane fezi, basi. Asubuhi 30, 29, 22. Usiku 14, 18, 16.

Fundi kazibadilisha jana, Jumamosi. Leo nimeamka saa 11 kupima, hakuna aliyeoga hadi saa 3.