Pua imeziba, mazoezi yaendelee

Mwenye mafua ya mzio akianza kukimbia, mara nyingi pua humfunguka yenyewe. Mwili ukipata moto, mishipa ya damu iliyovimba ndani ya pua hujikaza, uvimbe ukashuka na hewa ikapita. Nafuu hiyo huweza kudumu hata nusu saa baada ya kumaliza. Basi usiihukumu pua ukiwa bado unafunga kamba za viatu. Tembea haraka, kisha kimbia polepole kwa dakika 10 hadi 15, ndipo uongeze kasi.

Kosa kubwa ni kupuliza dawa ya kuzibua, yaani oksimetazolini au zailometazolini, kila mara kabla ya mazoezi. Inazibua ndani ya dakika chache, ndiyo maana inapendwa. Lakini ukizidisha siku 3 hadi 5 mfululizo, nguvu yake ikiisha uvimbe hurudi mkubwa kuliko wa mwanzo, nawe unapuliza tena. Kwa mzio wa muda mrefu inafaa steroidi ya puani, yaani dawa ya kupuliza inayotuliza uvimbe, kama flutikasoni au mometasoni, tena kila siku, hata siku usiyofanya mazoezi. Huweza kuchukua wiki 2 kufikia nguvu kamili. Inamisha kichwa kidogo. Tundu la kushoto lipulizie kwa mkono wa kulia, la kulia kwa mkono wa kushoto, ili dawa ielekee upande wa sikio. Ikipiga ukuta wa katikati, pua hukauka na kutoka damu. Usivute kwa nguvu pia: dawa inayoteremka kooni imepotea.

Kabla ya dawa hiyo, osha pua. Nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa hadi vuguvugu, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, bila kilima. Maji matupu huchoma kwa sababu hayana chumvi kama majimaji ya mwili. Ya bomba yasiyochemshwa yasiingie puani kabisa, kwani huweza kubeba amiba, kijidudu kinachoshambulia ubongo. Ni nadra, lakini huua. Yaache yatokote dakika 1. Mahali palipo juu ya mita 2,000, kama Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya, dakika 3. Na huko Iten, kwenye barabara za vumbi jekundu, osha tena ukirudi.

Vidonge vya mzio: setirizini miligramu 10 usiku humfaa mtu mzima. Klorofeniramini huleta usingizi, kwa hiyo usiimeze kisha ukapanda baiskeli barabarani. Mshindani asome pakiti: baadhi ya vidonge vya mafua vina sudoefedrini, dawa ya kuzibua pua, na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, huikataza siku ya mashindano ikizidi mikrogramu 150 kwa mililita ya mkojo.

Ukimaliza kukimbia ukakohoa, kifua kikabana au kikapiga mluzi, tatizo limevuka pua. Mwone daktari akupime pumu kabla ya kuongeza mazoezi.