Taa ya Kichwa

Mwaka 2017 niliongoza kikosi cha watu sita wa shirika moja linalotunza kipande cha njia ya Appalachian, njia ndefu ya kutembea kwa miguu huko Marekani, ile inayoanzia Springer Mountain kule Georgia na kuishia Katahdin, Maine, zaidi ya kilomita 3,500. Sisi tulikuwa Virginia, ndani ya msitu wa James River Face. Msitu ule unalindwa na sheria ya mwaka 1964 inayokataza mashine, hata msumeno wa injini. Mti ukiangukia njia, unakatwa kwa msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja huku, mwingine kule.

Kati ya waliojitolea wiki ile alikuwamo dada mmoja kiziwi. Asubuhi ya kwanza nikagawa kazi: wawili msumeno, wawili kuzibua mifereji ya maji. Yeye nikampa mkasi wa kupunguzia matawi, akae nyuma kabisa. Nilijiona muungwana. Gogo likianza kubingirika watu hupigiana kelele, na yeye asingesikia. Sikumwuliza neno. Mimi huyu huyu, ambaye kila msimu wapita njia waliniuliza, kwa kunitazama tu, kama nimepotea!

Mchana alinifuata na kidaftari. "Nina cheti cha msumeno. Fomu yangu uliisoma?"

Sikuwa nimeisoma hadi mwisho.

Tukashika msumeno, mimi na yeye. Msumeno ule hausukumwi. Unavuta, kisha unamwachia mwenzako avute, ukisukuma, unapinda. Mdomo hauna kazi pale, ni mikono inayosikilizana. Na aliyekuwa akisukuma, kwa kiherehere, ni mimi. Akasimama, akanitazama, akashusha kiganja taratibu: legeza. Kuhusu hatari alikuwa na utaratibu wake tayari. Aliye pembeni akiona gogo linasogea, anainua mikono yote miwili. Na hakuna kuanza kukata kabla wote hamjatazamana machoni. Tukaufuata kikosi kizima, maana karibu na kijito hata sisi wenye masikio hatukuwa tukisikiana.

Ningekomea hapo ningekuwa najisifu bure.

Jioni tulikaa duara kuzunguka jiko dogo la gesi, tukapiga soga hadi usiku. Adabu ya kambini ni kuzima taa ya kichwa, au kuielekeza chini, usimpofushe mwenzako. Lakini yeye alisoma midomo, na gizani midomo haipo. Usiku wa kwanza aliingia hemani mapema. Wa pili vilevile. Nikasema kachoka. Kumbe kwenye duara lile ndiko tulikopanga kazi ya kesho yake, na ndiko watu walikodokezana nafasi za ajira za msimu unaofuata. Kazi yangu mwenyewe niliipatia kwenye duara kama lile.

Usiku wa tatu hakuondoka. Aliwasha taa yake, akammulika usoni aliyekuwa anasema. Yule akakinga macho kwa mkono, akanung'unika. Taa haikusogea. Alipomaliza, nikadakia mimi, na taa ikanigeukia. Nikafumba macho, nikayafumbua, nikaendelea kusema polepole, machozi yakinichuruzika kwa mwanga.