Mkono uliojificha ndani ya surgery

Jioni nafundisha Kiingereza hapa Kadutu, mjini Bukavu, na wanafunzi wangu wengi wanasomea uuguzi. Wanalalamika kwamba maneno ya hospitali ya Kiingereza hayashikiki. Mimi naona sisi wa Bukavu, tunaopitia Kifaransa kwanza, tuna bahati.

Tazama surgery, yaani upasuaji. Hivyo lilivyo halisemi kitu. Lakini kwa Kifaransa tunasema chirurgie, na humo Kigiriki bado kinaonekana: kheir ni mkono, ergon ni kazi. Kazi ya mikono, basi. Waingereza walilipokea kutoka Kifaransa cha kale, likazidi kufupishwa hadi mkono ukapotea.

"Mwalimu, kumbe chirurgien ni fundi tu, kama wa cherehani!" akasema mama mmoja wa darasani. Watu wakacheka, lakini historia iko upande wake. Ulaya ya zamani daktari msomi hakupenda kushika kisu. Kazi hiyo aliachiwa kinyozi. Huko London vinyozi na wapasuaji waliunganishwa katika chama kimoja mwaka 1540, wakaja kutengana 1745. Mpaka leo, Uingereza, mpasuaji huitwa Mister, si Doctor. Nenda kamwambie hivyo mtu wa mji huu, mji wa Mukwege, daktari mpasuaji aliyepewa Nobel ya Amani 2018, uone atakavyokutazama.

Ninayempenda zaidi ni popo. Wataalamu wanaliita kundi lake Chiroptera: kheir tena, na pteron, bawa. Aliyebuni jina hilo alikuwa na macho. Bawa la popo ni vidole virefu vilivyowambwa ngozi, na kidole gumba kimebaki nje na ukucha wake. Kuna pia chiropractic, kunyoosha mgongo kwa mikono, jambo la Marekani la mwaka 1895. Hilo nililipita haraka.

Kilichowasumbua ni ile ch. Kwenye chirurgie Mfaransa anasoma sh, kwenye chiroptère anasoma k, na mkono ni uleule! Niliwaeleza kwamba neno la kwanza limekaa midomoni mwa watu karne nyingi, likasuguliwa na matamshi yao, na la pili wasomi walilichota Kigirikini baadaye, kwa kalamu. Kiingereza nacho kinasoma k kwa popo, ila i yake inakuwa ai: kairoptera. Hapo wakaanza kulalamika upya.