Iringa hadi Tukuyu kwa pikipiki za kale: seti kabureta kwanza

Kutoka Ipogolo, pale Iringa, hadi Uyole, mlangoni mwa Mbeya, lami haikatiki, na mwenye bodaboda mpya anaimaliza njia hiyo kwa siku moja na muda wa kunywa chai Makambako anaupata. Kundi lenye Honda CG125 ya platini (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke), Yamaha DT ya tustroki (injini inayochoma oili pamoja na petroli) na Honda XL125S iliyolala bandani miaka mingi litenge siku mbili hadi Mbeya, na ya tatu ya kushuka Tukuyu. Iringa hadi Mbeya ni kama kilometa 330 tu. Kazi ipo kwenye miinuko. Mnaanzia mita 1,500 na ushee, mnapanda kwenye baridi ya Mafinga na Makambako, mnadondoka kwenye joto la Usangu pale Chimala, karibu mita 1,100, kisha mnapanda tena hadi 1,700 za Mbeya. Kabureta ya zamani haina kompyuta ya kuhisi hayo yote. Inamimina petroli ile ile, hewa iwe nzito au nyepesi.

Pikipiki iliyosetiwa Dar ikifika Mafinga, mafuta yanazidi hewa. Inavuta kwa kusuasua, eksozi inatoa moshi mweusi, na ukifungua plagi unakuta masizi makavu. Plagi yenye afya ina rangi ya chai ya maziwa. Dawa iko kwenye sindano ya kabureta: fungua kifuniko cha juu, vuta silaidi, utaona klipu ndogo imekaa kwenye mojawapo ya mikato ya sindano. Pandisha klipu mkato mmoja. Hapa ndipo mafundi wengi wanapochanganya: klipu ikipanda, sindano inashuka, na petroli inapungua. Sindano inatawala kuanzia robo ya akseli hadi robo tatu, yaani sehemu kubwa ya safari yenu. Ukifungua akseli yote, hapo ni kazi ya jeti kuu, kile kitundu kikubwa cha petroli ndani ya kabureta. Iliyokuwa namba 100 pwani, 95 inatosha huku.

Msishushe zaidi ya hapo. Mkiwa Makambako asubuhi, injini iliyonyimwa petroli inaweza kuonekana imechangamka vizuri. Mchana mko Chimala, hewa ni nzito zaidi, sasa hewa inazidi mafuta, injini inachemka, na kwenye tustroki pistoni inakamata silinda. Moshi kidogo mlimani ni bei nafuu kuliko pistoni mpya bondeni. Na yule anayeng'oa chujio la hewa ili "ipumue", mwacheni nyumbani: vumbi la barabara za pembeni litakula ringi zake kabla hajafika Matamba, kule juu ya Chimala.

Kazi ya nyumbani inahitaji jioni mbili, na nyingi ni ya fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mianya. CG125 ni injini ya fito (fito ndizo zinazosukuma valvu), imara kupita kiasi, lakini tapeti zake, yaani mianya ya valvu, zinasetiwa injini ikiwa baridi kabisa, milimita 0.08 pande zote mbili. Fungua kifuniko cha magneti kushoto, zungusha hadi alama ya T ilingane na alama ya kwenye kasha, kisha tikisa roka zote mbili, ile mikono inayobonyeza valvu, kwa vidole. Zikicheza, uko mahali sahihi. Moja ikikaza, zungusha raundi moja kamili uanze upya, maana pistoni iko juu kweli lakini valvu bado zinafanya kazi. Anayeseti hapo anafunga safari na tapeti zenye mwanya mkubwa kupita kiasi, zitakazopiga kelele na kuinyima injini nguvu kwenye mlima wa kwanza mrefu.

Platini ziwe na mwanya wa milimita 0.35 hivi, nyuso zake zisafishwe kwa msasa laini na kupanguswa kwa karatasi safi, kwa sababu grisi kidogo tu inaua cheche. Mwanya wa plagi 0.6 hadi 0.7. Oili ya CG ni takriban lita moja, ipimwe pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi ya kati. Kijiti kiingizwe bila kukazwa. Ukikikaza unajidanganya kwamba oili imejaa. Cheni ya CG icheze milimita 20 hivi. Ya DT na XL inataka zaidi, kwa sababu shokapu zake zinashuka sana. Mweke mtu juu ya kiti kabla ya kupima.

Kuhusu spea, Nyanda za Juu Kusini zina upendeleo wa wazi kwa CG. Bodaboda nyingi za Kichina zimenakiliwa injini hiyo hiyo, kwa hiyo sahani za klachi, kabureta, plagi na hata kebo utazikuta dukani Mafinga, Chimala au Tukuyu. Msichopata ni vitu vya umeme, kwani hizo mpya hazina platini na zinatumia volti 12. Mwenye pikipiki ya volti 6 abebe balbu zake, platini moja na kondensa moja (kile kikopo kinachozuia platini zisiungue), azifunge kwenye nailoni. Mwenye DT au XL abebe tyubu ya mbele ya inchi 21. Maduka yamejaa za 17 na 18. Siri ni kwamba tyubu ya 21 ukiikunja kidogo inaingia hata kwenye tairi la nyuma la 18 na kukufikisha mjini, ila usiiamini kwa siku mbili. Kebo mpya ya klachi msiiweke begini: ilazeni sambamba na ya zamani, mwifunge kwa utepe. Ya zamani ikikatika mnahamisha ncha mbili tu, tangi halishuki. Kwa kundi zima inatosha loki mbili (viungo vya kuungia) za cheni ya saizi 428, waya wa kufungia, plaiza, spana 8 hadi 17, spana ya plagi, pampu ya mkono, viraka na solusheni.

DT nyingi za mtaani pampu ya oili ilishang'olewa siku nyingi, hivyo oili inachanganywa tangini. Kipimo cha 1:25 ni mililita 40 kwa kila lita ya petroli, yaani 200 kwa lita tano. Chupa ya kunyonyeshea mtoto ina mistari ya mililita tayari na haivuji. Sijaona kipimo bora zaidi. Mwaga oili kwanza, kisha petroli, halafu tikisa pikipiki yenyewe kushoto na kulia. Tangi la lita 7 kwa kilometa 25 kwa lita ni kilometa 175 kavu kabisa, kwa hiyo DT inajaza Mafinga, inajaza Makambako, inajaza Chimala, hata kama CG bado ina nusu tangi na mwenye nayo anacheka.

Njiani, mwenye pikipiki nzito kupanda ndiye akae mbele. Mkimweka nyuma atalazimisha injini ili awafikie, na hamtajua amezima hadi mfike Nyororo. Mwenye vifaa akae wa mwisho. Pikipiki nne zinatosha. Zikifika nane hiyo ni harusi. Barabara hii ndiyo ya malori ya Zambia na Kongo, na lori likikupita upepo wake unakusukuma pembeni kisha unakuvuta ndani, kwa hiyo shikeni usukani bila kukakamaa na msikae kwenye ukingo uliomegeka. Kilometa 60 hadi 65 kwa saa ndiyo mwendo wa amani. Vijijini ni 50, na matuta yapo kukumbusha. Giza likiingia, taa ya volti 6 inamulika tairi lako mwenyewe. Saa kumi na moja jioni muwe mmefika. Sao Hill asubuhi ina ukungu na malori ya magogo, na Juni na Julai baridi yake inapenya glavu. Gazeti chini ya koti linafanya kazi ambayo jaketi la bei ghali halifanyi.

Miteremko inataka akili kuliko kupanda. Kabla ya Uyole kuna Inyala na Mlima Nyoka, mahali ambapo hata malori hupoteza breki. Ngoma ndogo ya pikipiki ya kale ikipata moto inatanuka, shuu zinapoteza mshiko, na pedali inashuka bila kazi. Shukeni kwa gia ile ile ambayo mngeipandia, breki ibanwe kwa nguvu kwa muda mfupi na kuachiwa ipoe, isikokotwe mfululizo. Lakini tustroki ina tatizo lake: injini inalainishwa na oili iliyomo ndani ya petroli, na ukifunga akseli huku gia inaizungusha kwa kasi, inazunguka kavu. Kila baada ya sekunde chache bonyeza klachi, vuta akseli mara moja, achia. Kelele hiyo ndiyo inaokoa ringi.

Pikipiki ikizima baada ya kilometa 20 au 30, msikimbilie kufungua kabureta. Fungua kwanza kifuniko cha tangi. Ukisikia "fyuu" na baada ya dakika inawaka, tundu la hewa la kifuniko limezibwa na vumbi. Lichomeni kwa waya. Ikizima ikiwa ya moto na kuwaka ikipoa, na cheche za platini ni kubwa zenye rangi ya buluu, kondensa imechoka. Ikipiga kikohozi na kuchukua akseli nusu tu, tazama kikombe cha chini cha kabureta: mara nyingi ni kutu ya tangi.

Wenye nguvu ya ziada wanaweza kukata Chimala kwenda Matamba kwa ile barabara ya Hamsini na Saba, jina lililotokana na hesabu ya kona zake. Ni ya kiangazi na ya asubuhi. Gia ya kwanza muda mrefu, klachi iachiwe yote. Anayeining'iniza nusu nusu kwenye kila kona atanusa sahani zake zikiungua kabla ya kona ya thelathini. Juu ni Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, kwenye mita 2,600 hivi, na huko hata sindano mliyoishusha itaonekana inazidisha mafuta. Iacheni hivyo hivyo, mtashuka tu. Ubaya ni kwamba maua yanayoipa Kitulo jina la Bustani ya Mungu yanachanua wakati wa mvua, wakati ule ule ambapo tairi la lami halina la kufanya kwenye udongo huo.

Kutoka Uyole mnapanda hadi Isyonje, kisha ni kuteremka hadi Tukuyu, na mvua ya Rungwe haisubiri ratiba. Maji yakiingia kwenye ngoma, breki inakufa mita mia kisha inashika ghafla. Ivuteni kidogo kidogo mkiwa kwenye tambarare ili ikauke. Cheni ioshwe kwa dizeli jioni hiyo hiyo na kupakwa oili ya gia ikiwa bado ya moto. Na kama mnaendelea hadi Kyela, karibu na usawa wa Ziwa Nyasa, kwenye mita 500 hivi, fungueni kabureta hapo hapo Tukuyu mrudishe klipu mkato mmoja chini. Wa kwanza kufanya hivyo awe mwenye DT.