Nusu Jora

Chumba ninachoishi kiko juu ya duka, katikati ya mji wa Halifax, jimboni Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Mawe ya ukuta wa jirani bado yana weusi wa masizi ya viwanda, ingawa mabomba mengi ya moshi yalibomolewa kabla sijazaliwa. Upepo ukivuma kutoka upande wa stesheni, harufu ya sukari inayoungua hupanda hadi kitandani kwangu. Huko kuna kiwanda cha peremende ambacho asili yake ni ukoo wa Mackintosh, walioanza kuuza tofi mjini hapa mwaka 1890.

Hatua chache kutoka mlangoni kwangu kuna jengo liitwalo Piece Hall. Kwa miaka miwili nilikatiza ndani yake kila asubuhi nikiwahi treni. Nilichojua ni kwamba ni soko la kale la vitambaa na kwamba siku hizi lina mikahawa. Siku moja nikampelekea baba picha yake, na haikupita dakika tano akanipigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hilo jengo la nguzo zote hizo ni la nini?"

"Lilikuwa soko la vitambaa, baba. Lilifunguliwa tarehe 1 Januari 1779."

"Vitambaa gani? Waliuza kwa yadi au kwa jora?"

Baba aliuza vitambaa Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, zaidi ya miaka 30. Swali lake lilikuwa swali la kazi, nami sikuwa na jibu. Usiku ule nilikaa nikisoma, na nilipopata jibu nilishindwa kusubiri kukuche. Neno "piece" katika jina la jengo ni kipande kizima cha kitambaa kama kilivyotoka kwenye mashine ya mfumaji, chenye urefu wa yadi kama 30. Na jora la merikani, kile kitambaa cha pamba, lile walilobeba wapagazi wa misafara kwenda bara, lilihesabiwa doti saba na nusu, yaani yadi 30. Huu ni Ukumbi wa Majora! Miaka miwili nimepita ndani ya neno ambalo nimelisikia tangu utotoni, chini ya meza ya baba, nikicheza na vibao vya kuviringishia kitambaa.

Baba alifurahi, kisha akanipa kazi. "Mwenye jora haanzii sokoni. Anza alikotokea, umfuate."

Kwa hiyo Jumamosi moja ya Oktoba nilipanda basi mapema hadi Shibden, upande wa pili wa kilima kinachoitwa Beacon Hill, ili nirudi mjini kwa miguu kupitia njia ya kale ya farasi wa mizigo. Wenyeji huiita Magna Via. Kabla ya barabara za magari ya farasi, hii ndiyo iliyokuwa njia kuu kati ya Halifax na Wakefield. Ni nyembamba, imetandikwa mawe, na kuna mahali imezama kati ya kingo mbili kiasi kwamba unaona mizizi ya miti ikiwa usawa wa bega lako. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nilipanda polepole nikishika ukuta, nikifikiria farasi mwenye majora ubavuni mwake akitafuta pa kuweka kwato kwenye utelezi ule.

Mashambani kuzunguka mji huu bado zimesimama nyumba za wafumaji, nawe huzitambua kwa madirisha yake. Ghorofa ya juu ina safu ndefu ya vidirisha vilivyobanana, vimetenganishwa kwa vijiti vya mawe, ili mwanga wote unaopatikana katika nchi hii ya mawingu uangukie kwenye mtande, yaani nyuzi za urefu zilizotandwa kwenye mashine. Ardhi ya milimani haioti nafaka ya kutosha, basi kaya ilikuwa na ng'ombe wachache na mashine ya kufumia. Watoto walichambua sufu, wanawake wakasokota, na mara nyingi mwanamume ndiye aliyekaa kufuma. Mfumaji mmoja alimaliza uzi wa wasokotaji kadhaa. Kitambaa kikishatoka kilipelekwa kwenye kinu cha maji, kikapigwa nyundo kwenye majimaji hadi kikasinyaa na kukaza. Kisha kilitundikwa nje, juu ya fremu ndefu za mbao zenye ndoano, kikauke kikiwa kimenyooshwa kwa urefu na upana.

Nimeeleza fremu hizo kwa sababu nitazirudia.

Juu ya kilima nilisimama. Mji wote ulikuwa chini yangu kama sinia: mnara mweusi wa kanisa kuu la kale, mchongoko wa kanisa jingine ambalo limebaki mnara tu, na kati yao pembenne kubwa yenye uwanja mtupu katikati. Kwa mbali kidogo, Dean Clough, majengo ya kiwanda yaliyojipanga bondeni kama treni iliyokwama. Nilimpigia baba kwa video nikamzungushia simu.

"Hapo mtu alikuwa anafanya hesabu," akasema. "Anauona mji, anajiuliza leo bei ikoje."

Niliteremka na kuingia ukumbini saa nne kamili, kwa makusudi. Saa nne ndipo soko lilipofunguliwa. Jumamosi tu, saa nne hadi saa sita mchana, kengele ya kufungua na kengele ya kufunga. Wiki nzima ya mtande na mshindio, yaani uzi wa kukatiza, kisha saa mbili za kuuza. Kuna vyumba 315, na wenye majora walivikodi au kuvinunua. Kwa kuwa kiwanja kina mteremko, upande wa juu jengo lina ghorofa mbili na upande wa chini tatu, lakini paa linakwenda sawa pande zote nne. Nguzo za safu ya kati ni za pembe, za juu ni za mviringo. Nilihesabu milango ya upande mmoja nikachanganyikiwa, nikaanza upya.

Kilichonigusa ni udogo wa vyumba. Ukisimama uwanjani unaona fahari, kama kasri la mfalme, lakini ukiingia chumba kimoja unakuta nafasi ya meza, majora na watu wawili wanaopatana bei. Ni fremu ya duka la Kariakoo hasa. Baba aliponiona nimesimama ndani ya kimoja, siku hizi ni duka la sabuni, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Angalia mlango ulivyo. Dirisha liko pembeni yake?" Lilikuwepo. "Basi. Kitambaa hakinunuliwi gizani. Aliyejenga hapo aliuliza wauzaji kwanza."

Ukumbi haukuishi sana katika kazi yake. Viwanda vya mvuke vilipokua, mwenye kiwanda aliuza moja kwa moja kwa wafanyabiashara wakubwa, hakuhitaji kubeba jora hadi sokoni. Wafumaji wa milimani wakawa vibarua wa mashine bondeni. Jengo likapewa manispaa mwaka 1868, na kwa takriban miaka 100 likawa soko la jumla la matunda na mboga. Miaka ya 1970 ilizungumzwa habari ya kulibomoa. Likanusurika, likafanyiwa ukarabati mkubwa, na kufunguliwa tena Agosti 2017. Nashukuru kwa moyo wote kwamba halikubomolewa. Miji mingine ya nguo katika nchi hii ilikuwa na kumbi kama hili, na hakuna iliyobaki nzima namna hii.

Kando ya ukumbi kuna makumbusho ya viwanda inayoendeshwa na wazee wa kujitolea. Mmoja wao aliniwashia mashine ya kufuma. Nilidhani najua kelele. Nimekulia Dar es Salaam. Lakini ile haiingii masikioni peke yake, inaingia miguuni kupitia sakafu. Na ilikuwa mashine moja, ilhali ukumbi wa kiwanda ulijaa safu kwa safu. Nilimwona mzee akinisemesha, midomo inatembea, sauti haifiki. Alipoizima akasema wafanyakazi walizoea kusoma midomo, na wengi walistaafu wakiwa hawasikii vizuri. Dean Clough nilipita haraka. Ukoo wa Crossley ulifuma mazulia pale, hadi kiwanda kikahesabika kuwa kikubwa kuliko vyote vya mazulia duniani, kikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Leo kuna ofisi na kumbi za sanaa.

Zile fremu za kukaushia sasa. Kitambaa kililala nje usiku kucha, mlimani, bila mlinzi. Baba ndiye aliyeuliza, kama nilivyotarajia: "Na mwizi je?"

Nilikuwa tayari kwenye barabara inayoitwa Gibbet Street. Nikageuza simu aone. Juu ya jukwaa la mawe pana miti miwili iliyosimama wima, na shoka zito lililoning'inia kati yake. Ni mfano uliojengwa mwaka 1974 mahali pa mtambo halisi. Bamba lenyewe la chuma limehifadhiwa kwenye makumbusho mjini hapa. Halifax ilikuwa na sheria yake: aliyekamatwa na mali ya wizi yenye thamani ya peni 13 na nusu au zaidi alikatwa kichwa. Wa mwisho walikuwa Abraham Wilkinson na Anthony Mitchell, tarehe 30 Aprili 1650. Walihukumiwa kwa farasi wawili na yadi 16 za kitambaa cha sufu cha rangi ya hudhurungi.

"Yadi ngapi?"

"16, baba."

"Nusu jora." Nilimwona akivua miwani. "Nusu jora na kidogo."

Hakusema tena kwa muda. Ninakumbuka alivyoibiwa dukani nikiwa darasa la nne, majora mawili ya kitenge kwa usiku mmoja, na mama alivyolia kwa sababu mali ile ilikuwa ya mkopo. Ninakumbuka pia kwamba kijana aliyekamatwa alipoletwa mbele ya duka na watu wenye mawe mikononi, baba alimvuta ndani akafunga mlango hadi polisi walipofika. Hakuwahi kulizungumza. Pale Gibbet Street, kwa simu, alisema tu, "Ningekuwa mimi mwenye kitambaa, ningelala wapi usiku ule?"

Niliendelea kupanda barabara hiyohiyo. Ukishaacha jukwaa nyuma, barabara inabadilika: maduka ya viungo, mikate, msikiti, vijana wakitoka madrasa. Wazee wa mtaa huu walitoka Pakistani miaka ya 1950 na 1960, viwanda vya nguo vilipohitaji watu wa zamu ya usiku. Niliingia duka la vitambaa. Majora yamesimama wima ukutani hadi darini, na nyuma ya meza mzee mwenye ndevu nyeupe. Nilimweleza kwamba baba yangu yuko kwenye simu, naye ni mwuza vitambaa. Akatabasamu, akamsalimia, "Assalamu alaykum." Baba akaitikia, kisha wakakosa lugha.

Mzee akatoa jora la kitambaa cha kijani, akalipindua mezani mara tatu kwa ule mlio wa pu, pu, pu ninaoujua. Akapima kwa fimbo ya chuma iliyopigiliwa ukingoni, akakata kidogo kwa mkasi, akashika pande mbili na kuchana kwa nguvu moja. Nikasogeza simu karibu.

"Hiyo si pamba tupu," baba akasema kutoka Dar es Salaam. "Imechanganywa. Pamba haitoi sauti kali hivyo."

Nikamtafsiria mzee kwa Kiingereza. Akanitazama, akaitazama simu, akaweka kitambaa chini na kwenda kutoa jora jingine rafuni.

"Muulize," baba akasema, "hilo bei gani akinipa zima."